Komeo la Skrubu Mbili

Komeo liliruka, likagonga sakafu, na mlango wa binti yangu ukafunguka wazi. Mdogo wake, aliyeusukuma kwa goti, alibaki ameachama. Ndani, dada mtu alikuwa amevaa gauni langu la harusi na viatu vyangu virefu, akikihutubia kioo.

"Mama! Dada anaolewa!"

Siku hizi binti huyo ana nyumba na mlango wake, lakini mlio wa komeo lile bado naucheka.

Makubaliano niliyasimamia mwenyewe. Binti alitaka komeo kwa ndani, la sivyo angehamia kwa shangazi yake. Mimi sikutaka mlango nisioweza kuufungua. Mtoto akianguka humo, je? Kazi yangu ilikuwa kununua vifaa vya hospitali. Kutwa nilivutana na wauzaji: wanapandisha bei, naishusha, tunakutana katikati. Basi nikakata shauri: komeo liwekwe, ila kwa skrubu mbili badala ya nne, ili nikisukuma kwa bega liachie.

Shemeji yangu, seremala, alicheka hadi akakaa chini. "Shemeji, hili si komeo. Hii ni hereni ya mlango."

Nilimwambia afanye kazi, aache maneno.

Sasa, komeo likiwa sakafuni, binti alikuwa anashindilia nguo kwenye begi, gauni langu bado mwilini.

"Kwa shangazi kuna mlango," alisema.

"Si tulipatana, mwanangu?"

"Bei inagawanyika, mama. Mlango haugawanyiki. Ama umefungwa, ama uko wazi."

Wauzaji wote wale, na tai zao, hakuna aliyewahi kuninyamazisha. Huyu, aliyekanyaga pindo la gauni langu, aliniweza. Nikaangua kicheko. Alinuna kidogo, kisha mashavu yakamsaliti.

Nilitafuta bisibisi na skrubu mbili zilizobaki, nikapiga magoti, nikalirudisha komeo kwa skrubu zote nne. Ya kwanza ilikwenda upande.

"Nyoosha mkono, mama."

"Na ukianguka humu?"

"Nitapiga kelele. Si unanijua?"

Namjua. Akanisukuma nje taratibu, akafunga. Nilijaribu kwa bega, mlango haukutikisika. Nikabisha hodi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

"Nani?"

"Mama yako. Naomba gauni langu."

"Subiri, hotuba haijaisha."

Nikakaa chini pale koridoni, nikanyoosha miguu, nikasikiliza.