Upande wa Pili wa Kaseti

Jamani, hii kaseti ninayo kwenye simu, na kila nikiisikiliza nacheka mpaka watu kwenye foleni wanajisogeza mbali na mimi.

Mwaka themanini na nane, hapa kwetu Grays Harbor, pwani ya jimbo la Washington, Marekani, mama yangu Marlys alikuwa na bendi ya roki. Wawili tu: yeye gitaa na kuimba, Wendell Lahti ngoma. Jina, Soksi Zilizolowa. Walifanyia mazoezi kwenye gereji ya bibi yake Wendell, Bibi Aune, Mfini wa kanisani kabisa, kwa sababu kwingine kote walishafukuzwa.

Na mama alikuwa na haraka. Babu yangu alikuwa na gari la kunyonya vyoo, akamwambia: "Kiangazi kikiisha hujapanda jukwaani, unapanda gari na mimi." Ovaroli ilishashonwa, jina kifuani: MARLYS.

Wakarekodi nyimbo tatu safi, kama zimepigwa pasi, wakapeleka redio ya chuo kule Olympia. Sasa wale wanafunzi wa redio ya chuo si mnawajua? Wimbo ukiwa mtamu wanaona umeuza roho. Mtangazaji akasikiliza upande wa kwanza, akapiga miayo, akageuza kaseti.

Kumbe siku moja mazoezini walisahau mashine inarekodi, na yote yakabaki upande wa pili! Gitaa linapiga yowe kwenye spika, Wendell anatwanga ngoma kama anaua panya, halafu hiyo sauti ya Bibi Aune kutoka jikoni: "Wendell! Viazi vinapoa! Zima huo uchafu! VIAZI!"

Mtangazaji alitokwa machozi. Akaupiga wiki nzima.

Wakaitwa kupiga ukumbini Olympia, Jumamosi ya mwisho ya kiangazi. Sharti moja: waje na yule mwimbaji wa viazi.

"Bibi, wimbo mmoja tu," Wendell akabembeleza.

"Ule ni wimbo? Ng'ombe akinasa kwenye seng'enge analia vizuri zaidi."

Mama akapiga magoti. "Bibi Aune, usipokuja nitanyonya vyoo mpaka nizeeke."

Bibi akafikiri. "Huko kuna watu wengi?"

"Watajaa."

"Wameshakula?"

"Wale wanafunzi? Wanaishi kwa kahawa tu."

Basi, yakaisha. Wanawake wa kanisa lile hawaendi kwenye mkusanyiko mikono mitupu.

Jumamosi Bibi akapanda jukwaani na gauni la ibada, amekumbatia sufuria kubwa ya viazi. Mama akawasha gitaa, Wendell akatwanga. Bibi akasogelea kipaza sauti, anatabasamu.

"Jioni njema, wapendwa. Viazi vipo, vina siagi. Karibuni."

Watu wakatazamana; walikuja kusikia zile kelele. Mtu akakohoa. Mama kutazama mlangoni, babu huyo, kasimama na ovaroli begani!

Mama akamrukia Wendell. "Mwambie hutaki!"

"Sitaki nini?"

"Viazi, mjinga wewe!"

"Marlys, unataka nife?"

"Sema!"

Wendell akashusha vijiti vya ngoma. "Bibi... mimi sina njaa."

Weee!

"HUNA NINI? Nimemenya tangu asubuhi! Wendell Lahti! VINAPOA!"

Mama akaachia gitaa lipige yowe, ukumbi ukapasuka. Watu wanarukaruka, nywele huku na huku, wote wanapiga kelele, "Vinapoa! Vinapoa!" Halafu wakaivamia sufuria. Bibi, kwa kuogopa siagi kwenye gauni, akampokonya babu ovaroli, akaivaa, akaanza kupakua. Babu hakubisha. Ovaroli imeshapata mtu, yeye akashika sahani.

Watu wakasoma jina kifuani, wakaanza: "Marlys! Marlys! Marlys!"

Mama mpaka leo hajawasamehe. Bendi imezunguka miji yote ya pwani, imetoa rekodi, na kila wanapokwenda mashabiki wanamuuliza Marlys mwenyewe, yule wa viazi, yuko wapi.

"Mimi ndiye niliyetunga zile nyimbo tatu!" analalamika jikoni.

Nzuri kweli, mama. Ila hakuna anayegeuza kaseti kurudi upande ule.