Kimeo cha Loisi

Cecilia alikuwa fundi wa kulaza wagonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa, hilo hata waliomchukia walikubali. Lakini mdomo sasa! Huyu muuguzi wa kituo cha afya kilichoko mbele ya Msalato, barabara ya Kondoa, alikuwa akikusema mpaka ujute kuugua. Na hakuna waliokiona cha moto kama waliokata vimeo. Huko vijijini mtu akikohoa majuma mawili, hakosi shangazi au jirani wa kusema kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo kimerefuka, kikatwe. Fundi wa vimeo anaitwa, anakuja na kisu chake, mgonjwa anapanuliwa mdomo. Wengi wanarudi shambani na kikohozi chao kilekile. Wachache ndio hao wanaoletwa kwa Cecilia.

Asubuhi hiyo mama mmoja aitwaye Ruthu alishuka kwenye bodaboda akiwa amemkumbatia binti yake, Loisi. Binti alikuwa na mtoto anayenyonya nyumbani. Shingo ilikuwa imevimba, mate yanamchuruzika, sauti imekwisha. Hakuweza kulala chali. Alikaa ameinama mbele, akivuta pumzi kwa kazi.

"Shikamoo, mama," Cecilia alisema, na marahaba hakuingoja. "Huyu mmemkata kimeo?"

Ruthu alimpangusa binti yake mate.

"Sema ukweli. Nimechoka na watu wa vimeo. Kama mmekata, mrudisheni kwa huyohuyo fundi wenu amalizie kazi yake."

"Hatujamkata, mwanangu. Ni jino."

Loisi aliinua mkono akaonyesha kinywa chake. Mama yake akaushika ule mkono, akaurudisha mapajani na kuuzuia hapo. Cecilia aliona kabisa. Alidhani mama anambembeleza mwanawe.

Basi likawa jino. Daktari Respicius, kijana aliyeletwa kutoka Bukoba mwaka huo, alijaribu kumwangalia mdomoni, lakini taya zilikuwa zimekaza. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mzazi Dodoma. Wakakubaliana wamlaze, wampasue chini ya taya kutoa usaha, yaishe.

Na hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Uvimbe wa jino huwa mbele. Cecilia alijua dawa ikiingia taya zitalegea, naye ataona njia ya kupitisha mpira wa hewa mpaka kwenye koromeo. Angejua ni kimeo, asingethubutu kumlaza. Angemwacha macho, wamchome ganzi, wafungue njia ya hewa shingoni kwanza, ndipo mengine yafuate.

Alimchoma dawa ya usingizi, kisha ile ya kulegeza misuli. Loisi akaacha kuvuta pumzi, kama inavyotakiwa, na kuanzia hapo pumzi yake ikawa mikononi mwa Cecilia.

Akamfungua kinywa, akamulika. Kimeo hakipo. Mahali pake palikuwa na kidonda cheusi kinachonuka, na nyama zimefura pande zote mpaka zimekutana. Damu iliyoganda ikaanza kuvuja upya. Njia ya hewa haionekani hata kwa dawa.

"Wamemkata," alisema. "Wamemkata hawa, wakanidanganya."

Alisukuma mpira, ukagota. Akasukuma tena, damu ikajaa. Akambana barakoa usoni, akaminya mfuko wa hewa kwa mikono miwili, Respicius akishika taya. Kifua hakikuinuka. Mlio wa mashine ya kidoleni, ile inayopima hewa ya damuni, ukaanza kushuka, unazidi kuwa mnene, na kila mtu mle ndani alijua maana yake.

Mtu mwenye sifa ya kutoshindwa ana kazi kubwa ya kukiri kwamba ameshindwa. Cecilia alishika mpira mwembamba zaidi, akajaribu tena. Ukagota.

"Nimeshindwa," ndipo akasema. "Dokta, kata shingo."

Respicius aliganda. Alikuwa amefanya hivyo mara moja tu, chuoni, kwenye koo la mbuzi lililonunuliwa mnadani. "Nimpigie bingwa kwanza."

"Bingwa yuko Dodoma. Huyu anakufa hapa."

Cecilia akamshika Respicius kidole, akakikandamiza katikati ya ule uvimbe, chini ya kongomeo, kile kifundo cha koo, mpaka kikasikia kibonde. "Hapo. Chana wima, tafuta kwa kidole, kisha toboa."

Respicius alichana. Damu ikafunika kila kitu, akawa anapapasa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Uso wa Loisi ulikuwa umeshabadilika rangi. Hatimaye kisu kilizama, povu la damu likatoka, mpira mdogo ukaingia. Cecilia akaminya mfuko.

Kifua kiliinuka, kikashuka. Hewa iliingia vizuri kabisa.

Lakini moyo ulikuwa umesimama. Walikandamiza kifua wakipokezana, wakachoma dawa, wakakandamiza tena mpaka mikono ikafa ganzi. Moyo haukurudi.

Cecilia alitoka nje na aproni yake ileile. Ruthu aliitazama damu iliyoilowesha, akaelewa, akakaa chini sakafuni.

"Nilimkatisha mimi," alisema. "Mumewe alikataa. Alisema akizidi kukohoa, aende hospitali. Mumewe akiwa kazini, nikamwita fundi."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulisema turudi kwa fundi. Nikaona ukitufukuza, nitampeleka wapi?"

Cecilia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Ruthu akashika pindo la aproni. "Usimwambie mumewe, Stanley."

Stanley mwenyewe alikuwa anaingia getini akikimbia, bado na kofia ngumu ya kazini kichwani, kutoka kwenye ujenzi wa uwanja wa ndege. Alimsalimia mkwewe, maana ndivyo alivyolelewa. "Shikamoo, mama." Kisha akauliza mke wake yuko wapi, na Cecilia akamwambia.

Stanley akawatazama wote wawili. "Nini kimemuua?"

Ruthu aliinamisha kichwa.

"Koo lilivimba likaziba," Cecilia alisema. "Tulichelewa kufungua shingo. Mimi nilichelewa."

Stanley alivua kofia. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta. Alimshika Cecilia mkono, ule wenye damu, akaubana.

"Asante, sista, kwa kuhangaika naye," alisema. Kisha akapiga magoti mbele ya mkwewe. "Na wewe mama, asante. Mimi sikuwepo. Usingemwahi wewe, angefia ndani peke yake."