Kipande Chekundu

Nawategea, nanyi tegeni masikio: nina mkate wa mviringo. Nikiondoa kipande, vipande vilivyobaki vinanenepa, na mkate unabaki mzima kama haujaguswa. Nini hicho? Msiniambie mwezi, mwezi ukimegwa humegeka. Mmeshindwa? Basi nipeni mji, nizunguke nao kidogo, na jibu tutalikuta njiani.

Palikuwa na dada mmoja, karani wa shule, mwepesi wa vidole kwenye kompyuta. Alikuwa akimuuguza mama yake nyumbani. Mdogo wake wa kiume, fundi wa majokofu katika mji wa mbali, tangu utotoni walimwita Waziri kwa kupenda kutoa amri. Huyo alituma fedha kila mwezi. Kitinda mimba wao, msusi, naye alituma alichojaliwa. Mwanzoni Dada aliwapelekea hesabu yenye kila senti, nani katoa ngapi na zimekwenda wapi, ikazuka vita. Waziri akajitapa weee, Kitinda akalia kwa aibu. Ndipo wakakubaliana: fedha zenyewe zisionekane, waonyeshwe asilimia tu. Duara moja la rangi, kila matumizi na kipande chake, jumla yake mia. Kwenye mia hajulikani aliyetoa nyingi wala aliyetoa kidogo.

Mashine yenyewe ndiyo iliyogawa rangi, kwa kufuata mpangilio wa mistari. Mstari wa kwanza, umeme na maji, bluu. Wa pili, dawa, nyekundu. Wa tatu, chakula, njano. Sabuni ikaangukia kijani. Mama macho yake hayakuweza tena herufi ndogo, kwa hiyo akasoma rangi. Kila mwisho wa mwezi Dada alimchapia karatasi, na Mama akaweka kidole juu ya nyekundu, iliyokuwa kubwa kuliko zote, akasema:

"Hii ndiyo inayonilipia kodi ya dunia. Zilizobaki ni wapangaji wenzangu."

Wakacheka wote wawili.

Mwezi huu daktari alimwita Dada pembeni. Akamwambia dawa hazifanyi kazi tena, wasimtese mgonjwa bure, wampeleke nyumbani wakae naye. Akampa chupa ya kutuliza maumivu, nayo hakuilipia. Njia nzima ya kurudi Mama aliuliza, "Kasemaje?" na Dada akajibu, "Alikuwa na haraka, Mama. Tutaongea naye siku nyingine."

Kesho yake, ofisini, alifungua hesabu ya mwezi. Kwenye dawa palikuwa na sifuri. Sifuri ile ilimkodolea macho mpaka akashindwa, akaufuta mstari mzima. Fedha za dawa ambazo hazikutumika zilikuwa ndani ya bahasha, kabatini. Akaandika mstari mpya, "akiba". Akaufuta nao, maana Waziri angeuliza akiba ya nini, na yeye hakuwa na ulimi wa kulitaja kaburi la mtu anayepumua.

Mashine ikaziba pengo. Na huo ndio mkate wangu, jamani. Chakula, kilichokuwa thelathini, kikaruka hadi sabini na tano, wala hapakuongezwa hata senti. Mama mwenyewe siku hizo alikuwa akionja vijiko viwili, basi. Na kwa kuwa chakula sasa kilikaa mstari wa pili, mashine ikakivika nyekundu. Dada machozi yalikuwa yamemjaa, hakuona rangi zilivyohama. Akawatumia wadogo zake, akachapa ya Mama, akarudi nyumbani.

"Haya, lete duara langu."

Mama akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Uso ukamchanua.

"He! Hebu ona nyekundu yangu ilivyonenepa! Wameniongezea dawa, eti? Ndiyo maana jana nimelala vizuri."

"Ngoja kwanza, Mama, maji yanachemka."

Jikoni hapakuwa na maji yoyote. Dada alisimama mbele ya jiko lililozimwa, kiganja mdomoni, mpaka simu ikalia. Alikuwa Waziri. Dada akarudi nayo chumbani na kuifungulia sauti, kama kawaida yao, ili Mama asalimiwe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Waziri wangu. Umekula?"

"Wanaokula wako huko, Mama. Dada, sabini na tano ya chakula! Mmefungua hoteli? Mimi nashinda nimejikunja nyuma ya majokofu ya watu, wewe kazi yako kutafuna?"

Neno moja tu lingemsafisha Dada, na neno hilohilo lingemwangukia Mama pale pale alipolala.

"Nimekula," akasema. "Nisamehe, ndugu yangu. Nitarudisha."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Huyu? Kala nini huyu, shingo imekuwa kama mpini wa mwiko? Wewe Waziri hujui kusoma. Hicho si chakula, ni dawa zangu. Tazama rangi!"

"Mama, imeandikwa chakula. Dawa humu hazimo kabisa."

Waziri mwenyewe akalisikia alilolisema. Sauti ikamshuka.

"Dada... mbona hazimo?"

Mama akailaza karatasi mapajani, akainyoosha mikunjo kwa kiganja, taratibu, kama anayenyoosha shuka ya mtoto. Hakuitazama simu. Alimtazama binti yake.

"Nilikuuliza, ukanikimbilia jikoni," akasema. "Nakuuliza tena, mama yangu. Wameniongezea dawa?"

Dada akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono ulio juu ya nyekundu.

"Hawakuongeza, Mama. Wameziacha. Daktari amesema hana nyingine ya kukupa."