Nusu ya Mstari

Wanafunzi wa chuo cha theolojia walimpachika mwalimu wao wa Kiebrania jina la Mama Nukta. Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti tupu, nukta za irabu zikatiwa baadaye, na ukikosea nukta moja neno linageuka kuwa jingine kabisa. Ukilikosea darasani kwake, ulisimama mpaka ulirekebishe. Hakuwa mtu wa kupayuka. Hasira zake alizimalizia kwenye kalamu nyekundu.

Jumamosi hiyo alikuwa ameketi katika ofisi ya kanisa, kando ya mdogo wake, fundi cherehani, ambaye taya lake lilikuwa limefungwa kwa waya. Mume wa mdogo wake, mwalimu wa kwaya, ndiye aliyelivunja, kwa kiti cha jikoni, kisa chakula kimechelewa. Sasa alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, shati jeupe limepigwa pasi, Biblia mapajani, mpole kama maji ya mtungi. Wazee wa kanisa walikuwa wameitisha kikao, na ajenda ilikuwa moja: mke atarudi lini nyumbani?

Mchungaji, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa Mama Nukta, alisafisha koo.

"Neno liko wazi. Nabii anatuambia Mungu anachukia talaka. Mama, tunakuomba urudi kwa mwenzio, mkaombe pamoja."

"Amina," akasema mume.

Mama Nukta alihisi damu inampanda kichwani. "Mchungaji, malizia mstari."

"Mwalimu, nadhani ujumbe umefika."

"Umeishia katikati. Malizia!"

Mchungaji akatazama Biblia yake, akatazama dirisha. Hakusoma. Basi Mama Nukta akatoa mkobani Biblia yake ya Kiebrania, akaifungua mezani na kuweka kidole.

"Hapa Mungu hasemi 'mimi nachukia'. Kitenzi ni cha yeye: amechukia. Nani huyo? Marabi wa kale walibishana. Mmoja akasema, ukimchukia mkeo, mwache aende. Mwingine akasema, amwachaye mkewe ndiye anayechukiwa. Anayewaambia mstari huu ni mwepesi anawadanganya. Lakini nusu ya pili haina utata: mtu huyo amelifunika vazi lake kwa jeuri. Jeuri! Neno lile lile linalotumika pale dunia ilipojaa dhuluma kabla ya gharika. Nabii anamfokea mume anayemtenda hiana mke wa ujana wake. Nyinyi mmeichukua fimbo ya kumchapa mume, mkamchapia mke!"

Mzee mmoja wa kanisa, fundi saa, akavua miwani. "Mchungaji, ndivyo ilivyo?"

"Hayo ni ya darasani, mzee wangu. Hapa tunalinda ndoa."

"Ya darasani?" Sauti ya Mama Nukta ilipasuka. "Mstari huu uliuandikia insha! Haya yote uliyaandika mwenyewe, vizuri, nikakupa alama za juu! Na ile sheria ya mjakazi aliyeolewa uliiandika pia: akinyimwa chakula, nguo na haki yake ya ndoa, atoke huru. Ukauliza mwenyewe, kwa mkono wako: kama mjakazi ana haki hiyo, mke huru je? Leo umesahau, au umeogopa kwaya itanuna?"

Mchungaji akainamisha kichwa. Mume akacheka kidogo, puani.

"Shemeji, wewe hata hukuolewa. Ndoa utaijulia wapi?"

Mama Nukta aliinuka, Biblia mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani kumpiga mtu kwa kitabu. Ndipo mdogo wake alipogonga meza kwa kiganja.

"Dada, na wewe kaa chini."

Maneno yalimtoka kati ya meno yaliyofungwa, polepole, mate yakimchuruzika kidevuni. Hakuna aliyetegemea angesema lolote.

"Tangu nitoke hospitali, Mchungaji ananiambia ngoja, tunaomba. Wewe unaniambia ngoja, nakamilisha hoja. Wote mnagombania mstari. Je, kama huo mstari ungesema nirudi? Ungenirudisha?"

Mama Nukta alibaki amesimama. Hasira ilikuwa bado haijamtoka, ila sasa haikujua pa kwenda.

"Nisingekurudisha," akasema.

"Basi ungeanza na hapo."

Akachukua mtandio wake akatoka. Mume akaita jina lake kwa ile sauti ya kuanzishia nyimbo. Hakugeuka. Dada yake alimkuta barabarani, anaelekea kituo cha polisi.

Askari wa zamu alisikiliza huku akiandika. Mdogo mtu alichungulia karatasi.

"Umeandika nini hapo? Ugomvi?"

"Ugomvi wa nyumbani, ndiyo."

"Futa. Sikugombana na mtu. Nilikuwa napakua chakula, akanipiga kwa kiti."

Mama Nukta alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga. Askari akafuta.

Kesi ilisuasua. Kwaya nzima ilikuja mahakamani na kumpungia mkono mwalimu wao kama vile anasafiri. Fundi saa alikuja pia, akaketi upande wa mke, peke yake. Daktari akatoa ushahidi, hakimu akampeleka mume gerezani, na wiki hiyo hiyo wazee wakamsimamisha mke ushirika kwa kosa la kulitia kanisa aibu.

Habari hiyo ilimkuta Mama Nukta nyumbani kwake, ambako mdogo wake sasa alikuwa anashonea sebuleni. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Naenda kwa mchungaji. Leo atanijua."

Mdogo wake hakuinua macho kwenye kitambaa.

"Kama unaenda kwa ajili yako, nenda. Kwa ajili yangu usijisumbue. Nina gauni la kumaliza."

Mama Nukta alisimama kidogo mlangoni. Kisha akaenda, kwa ajili yake mwenyewe, na mlango wa mchungaji aliugonga kwa ngumi.