Mwonjaji wa Kisima

Kila mtu kwetu alijua kwamba ulimi wa dada yangu ndio uliokilinda kisiwa chetu, na kwamba ulimi huohuo ndio uliokihamisha.

Naandika haya mimi mdogo wake, mzee sasa. Kusoma nilijifunza katika shule ya jioni, nikiwa tayari baba wa watoto. Nilianza kazi kwenye kiwanda cha uchapaji nikifagia vipande vya karatasi, nikastaafu nikiwa msahihishaji wa vitabu. Sisemi hivyo kwa kujigamba. Nasema ili msomaji ajue kwamba maneno nayapima kabla ya kuyaweka.

Kisiwa chetu kilikuwa kidogo kiasi kwamba mtu akikohoa upande huu, upande wa pili wanampa pole. Kisima cha maji ya kunywa kilikuwa kimoja tu. Mvua ilizama mchangani ikakaa juu ya maji ya bahari, mithili ya mafuta juu ya mchuzi. Ukichota kwa kiasi, unakunywa. Ukichota kwa pupa, chumvi inapanda kutoka chini, na ikishapanda sana inaweza kukaa miaka mingi isishuke. Ndiyo maana tulikuwa na mwonjaji.

Kazi hiyo dada aliirithi kwa shangazi yetu. Mwonjaji hakula chumvi maisha yake yote, hata harusini, hata msibani. Sufuria yake ndogo ilipikwa pembeni. Asubuhi, kabla hajaweka kitu kingine mdomoni, aliteka maji, akasukutua na kutema. Funda la pili alilikalisha chini ya ulimi huku amefumba macho. Yakiwa mazuri, alipandisha kitambaa cheupe kwenye mlingoti na kuita, "Kisima kiko wazi!" Hapo ndipo ungesikia ndoo zikigongana kila uchochoro. Yakiwa mabaya, alipandisha chekundu, na siku hiyo watu walikunywa yaliyobaki mitungini au, siku zikizidi, yaliyoletwa kwa boti. Sheria ya wazee ilikuwa kwamba chekundu kikikaa mwezi mzima bila kushuka, watu wahame, kabla watoto hawajaanza kuugua.

Mwaka wa ukame alipandisha chekundu wakati kila mtu akiona maji hayana kasoro. Fundi wa boti alikuja akamwambia mbele za watu, "Ulimi wako unaumwa, dada yangu. Kautibu."

"Nitautibu mvua ikinyesha," akamjibu, akakaa juu ya kifuniko cha kisima na kushona nguo zake kana kwamba yuko uani kwake. Alikaa hapo mpaka mawingu yakarudi, mwezi haujatimia. Kisiwa cha jirani hawakuacha kuchota, na kisima chao kilikufa. Tangu siku ile dada akaitwa Bi Ulimi, na fundi wa boti alikuwa wa kwanza kumwita hivyo kwa adabu.

Mimi nilikuwa nimeshaondoka kwenda kutafuta kazi mjini. Ule mwezi wa kitambaa chekundu uliowahamisha watu, miaka baada ya ukame, sikuuona kwa macho. Nilichokiona ni watu wetu wakishuka gatini na milango ya nyumba zao mgongoni, maana mbao ilikuwa mali na hakuna aliyetaka kuiacha. Dada alishuka wa mwisho. Hakubeba mlango. Alibeba nguo za binti yake wa pekee, aliyemzika huko siku chache kabla ya kitambaa kupanda. Mtoto alikufa kwa homa. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kufundishwa kuonja.

Nikampa dada chumba cha nyuma, na humo amezeeka.

Mwaka jana akaja mwandishi mmoja, msichana mpole mwenye miwani. Alikuwa akikusanya habari za wanawake waliotenda makubwa na hawakuandikwa popote. Nilifurahi kupita kiasi. Nilinyoosha kitambaa cha meza kwa pasi. Nilivaa koti.

"Shikamoo, Bibi," mwandishi akasema, akiweka kinasa sauti katikati ya vikombe.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho kidude kinanisikia?"

"Kinakusikia."

"Basi kimepata bahati. Humu ndani mwenye kusikilizwa ni huyu." Akaninyooshea kidole. "Msahihishaji. Ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza kwanza unamaanisha nyumba ipi."

Mwandishi akacheka. Nikacheka na mimi, nikaanza kueleza habari za ukame, lakini dada akanikatisha.

"Hiyo kila mtu anaijua. Andika nyingine." Akazungusha kikombe chake. "Watu husema mzee fulani amekula chumvi nyingi. Mimi sikula, nilikatazwa. Lakini mwezi ule niliofunga kisima, mjukuu wangu, nilikuwa natoka kumzika mwanangu. Uji ulikuwa na chumvi. Muwa ulikuwa na chumvi. Nililamba sukari kiganjani, ikawa chumvi. Nikaenda kisimani na mdomo huohuo, machozi hayajakauka."

Nilisikia jirani akipiga zulia nje.

"Lakini wengine si walionja?" nikauliza. "Nakumbuka waliposhuka gatini walisema yana chumvi kweli."

"Walionja baada ya mimi kupandisha chekundu. Nani angeonja utamu baada ya Bi Ulimi kusema chumvi?" Akamgeukia mwandishi. "Sijui kama maji yalikuwa mabaya. Sijawahi kujua. Niliwahamisha watu wote wale, na sijui."

Hilo, miaka yote chini ya paa langu, hakuwahi kulitamka. Nilidhani anapokaa na glasi ya maji mkononi bila kunywa ni uzee tu.

"Bibi, unataka nilifute hili?" mwandishi akauliza taratibu.

"Lifute," nikasema mimi.

"Liache," akasema dada. "Ila usichape kwanza. Nipelekeni nikaonje."

Nilikataa. Nilisema miguu yake haiwezi, nilisema bahari, nilisema kifua chake. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Mdogo wangu, wewe ulipotaka kusoma mzee mzima na ndevu zako, nani alikucheka?"

"Wote."

"Na mimi?"

Yeye hakunicheka. Alikuwa akiniwashia taa.

Tukakodi boti ya mashine. Nahodha alikuwa mwanamume wa makamo, na tulipomtajia tunakokwenda, na kwamba tunakwenda kuonja kisima, akamtazama dada kwa muda.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Mama yangu alizaliwa kule. Yuko kitandani sasa, miguu imegoma. Akikasirika, mtu wa kwanza kumtukana ni wewe, kabla hata ya baba yangu."

"Ananitukanaje?"

"Siwezi kusema mbele ya wazee, mama."

"Basi mwambie namsalimu," dada akasema, na nahodha, bila kutaka, akatabasamu.

Safarini dada alikaa katikati yetu. Mwandishi alimshika mkono mmoja, mimi mwingine. Kisiwa kilipotokea niliona kwanza kuta zisizo na milango. Nyumba zote zilikuwa zimeachama. Majani yalikuwa yameota ndani ya chumba tulichozaliwa, na mti umejipenyeza dirishani kwa shangazi. Dada hakutazama kulia wala kushoto. Alipita makaburini, akasimama kwenye moja dogo, akaling'olea majani machache bila kuinama sana, akaendelea.

Kifuniko cha kisima kilikuwa kimeoza. Mlingoti ulikuwa bado umesimama, umepinda. Nahodha alifunga kamba kwenye kopo la kutolea maji botini, akaliosha kwa mchanga, akateka. Maji yalitoka meupe, na jani moja likielea.

Dada hakuwa amekula kitu tangu kuamka. Alisukutua, akatema. Alichukua funda la pili na kufumba macho. Nilimwona akiwa msichana tena, taya limetulia vilevile, kichwa kimeinama kidogo kama anayesikiliza mlango wa jirani. Kisha akameza na kuninyooshea kopo.

"Onja wewe. Mimi ni mzee, siuamini tena huu mdomo."

Nikaonja. Maji yalikuwa matamu. Sijui namna nyingine ya kulisema, na nimetafuta. Yalikuwa matamu kama yale tuliyokunywa utotoni tukiwa tumekimbia jua kutwa. Sikuhitaji kutamka, alikuwa akinitazama usoni.

"Dada," nikasema haraka, "kisima kimepumzika. Hakuna aliyechota miaka yote hii, mvua imekuwa ikinyesha. Chumvi inaweza kuwa imeshuka yenyewe. Inawezekana ulifanya vizuri kabisa, na ndiyo maana leo..."

"Inawezekana," akasema.

"Ni jambo linaloeleweka. Maji ya mvua ni mepesi kuliko..."

"Umesoma, mdogo wangu. Maneno ya kunituliza hutayakosa." Hakusema kwa kejeli. Alinipapasa mkono kama tulivyompapasa mama alipokuwa mgonjwa.

Akafungua mtandio wake mweupe kichwani. Nywele zake zilikuwa chache, na upepo ukazichezea. Akamwomba nahodha aupandishe mlingotini, na nahodha akapanda juu ya ukingo wa kisima, akaufunga kwa fundo la boti. Dada akajiweka sawa, akakohoa kusafisha koo.

"Kisima kiko wazi!"

Sauti ilikwaruza, lakini ilifika mbali. Tukasimama. Mwandishi aliniambia baadaye kwamba hakuelewa tulikuwa tukisubiri nini. Nilikuwa nikisubiri ndoo. Najua ni upuuzi. Nyumba zile zilizoachama zilitutazama, na hakukuwa na kitu kilichogongana na kingine.

Kisha nahodha akashuka, akaenda botini na kurudi na dumu. Akalijaza polepole, kopo kwa kopo, bila kumwangalia mtu.

"Namchukulia mama," akasema.

"Mchukulie," dada akasema. "Mwambie Bi Ulimi amefungua."

Safari ile ilimmaliza nguvu. Tangu turudi hakutoka tena chumba cha nyuma. Kila asubuhi aliniuliza kama nahodha amepita, nami nilijua anachongoja. Kama mama yule angeonja na kusema maji ni mazuri, basi angalau mtu mmoja kati ya wote aliowahamisha angekuwa amerudishiwa kitu. Alingoja hivyo bila kulalamika, mikono juu ya shuka.

Nahodha akaja. Hakutaka kukaa. Alisimama mlangoni akizungusha kofia yake mikononi.

"Nilimwinua kichwa nikamnywesha," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nilimwambia yametoka wapi. Akalishika lile funda mdomoni muda mrefu. Kisha akasema yana chumvi. Mzee wangu, nimeyanywa mimi, wameyanywa watoto wangu, hayana chumvi hata tone. Nikamwambia, mama onja tena. Akaonja tena, akasema, 'Mwanangu, hii ni chumvi tupu. Bi Ulimi alisema kweli.' Akaomba nimpe tena, akanywa hadi kikombe kikaisha."

Nikamshukuru. Niliingia chumba cha nyuma mbio kama kijana, maana niliona nimepata kitu cha kumpa. Nikamweleza dada neno kwa neno. Aliyekuwa akimtukana kabla ya mumewe amesema kwamba Bi Ulimi alisema kweli! Nililirudia hilo.

Dada alinisikiliza hadi mwisho, macho yake juu ya dari.

"Alipokuwa akionja," akauliza, "alikuwa analia?"

Nahodha alikuwa ameniambia hilo pia, na mimi ndilo nililokuwa nimeliruka nikidhani halina uzito.

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa analia."

"Basi," akasema dada yangu, na akageukia ukutani.