Nukta ya Nane Kwenye Ramani

Kituo kilikuwa na magari manane ya wagonjwa, lakini ramani kwenye kompyuta ilikuwa nyeupe pe.

"Mwisho saa nne," alisema mkuu wa kituo, akigonga saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa mbili na nusu. "Nisipoyaona magari yangu yote humo, redio zinarudi zilikotoka, na majaribio yako yanaishia hapo. Sina ubaya nawe, mwanangu, ila mwezi tuliopatana umekwisha."

Fundi alivuta kiti mbele ya kompyuta. Redio zote nane alizifunga kwa mikono yake, akiwa amelala chali chini ya dashibodi huku madereva wakimuuliza kama amehamia humo. Kila baada ya dakika moja, redio ilitakiwa itume data yenyewe: gari liko wapi, limebeba mgonjwa au li tupu. Mezani kwake zilituma bila kusita. Zikiingia barabarani, hola.

Akavaa vipokea sauti vya masikioni. Akafungua daftari lake la masomo ya jioni, ambalo bintiye wa miaka mitatu alikuwa amelipamba kwa kalamu ya rangi, akawasikiliza madereva hewani.

"Namba tatu, umeamkaje?"

"Salama, namba sita. Watoto hawajambo?"

"Wazima. Mama mkwe kapata nafuu?"

"Anakula sasa. Mgongo wako je?"

"Mgongo wa nani tena?" akadakia namba moja.

Fundi akacheka, kisha akaiona kasoro yake. Alikuwa amezipanga redio zitume pale tu hewa inapokuwa wazi. Zikikuta watu wanaongea zinangoja, zinajaribu mara tatu, halafu zinakata tamaa. Naye alizipima juu ya meza, na meza haisalimiani na mtu!

"Wapigie marufuku porojo," alisema dada wa kupokea simu, mwenye ulimi wa pilipili. "Dawa yao hiyo."

"Dada, hao wanashinda na watu wanaokata roho. Acha wajuliane hali."

"Basi kajiandae kukaa nyumbani ufue nepi."

"Mwanangu nepi alishaacha. Nipe hiyo kebo."

Akawaita madereva uani wawiliwawili. Kila gari alilichomeka kwenye kompyuta yake ya mapajani, akafuta mpangilio wa zamani, akaandika mpya. Jasho lilimwingia machoni. Alilifuta kwa kiwiko akaendelea. Sasa dereva akiachia kitufe cha kuongea, redio ingeipachika data mkiani mwa maneno yake. Redio za wenzake zingezuiwa kidogo, hata sekunde haiishi, mpaka ile imalize.

"Mkisikia 'tit' ndipo mjibu," aliwaambia. "Msirukiane."

"Kwa hiyo tukiongea sana ndiyo tunachapa kazi?" aliuliza namba sita.

"Ndiyo, kaka."

"Jamani! Miaka yote hii mke wangu ananiita mvivu!"

Saa nne kasoro dakika kumi, nukta ya kwanza ikawaka penye mzunguko wa barabara kuu. Ya pili. Ya tano. Mkuu aliingia kimya kimya, akahesabu kwa kidole.

"Saba."

"Aliyebaki ni namba nane," alinong'ona dada wa simu. "Mzee Kimya. Ukimtuma anakwenda tu, hata 'sawa' hasemi."

Mkuu akaitazama saa yake. Fundi alishakishika kipaza sauti cha redio.

"Namba nane, shikamoo baba."

Hewa ikatulia. Fundi hakukiweka kipaza sauti chini. Alijua mtu anaweza kususia maneno yote ya dunia, lakini si itikio la shikamoo.

"Namba nane. Shikamoo, baba yangu."

Redio ikakwaruza. "Marahaba," likaja jibu, zito kama gunia.

Tit.

Nukta ya nane ikawaka kando ya daraja.

Mkuu aliinamia kioo cha kompyuta. "Na kesho akigoma kuitikia?"

"Jioni hii naipanga redio yake ijaribu kutuma yenyewe mara thelathini, aitikie asiitikie."

"Niandikie ulivyofanya, hatua kwa hatua. Ukimaliza, njoo na mkataba wako niutie saini." Alifika mlangoni, akageuka. "Kituo cha pili kina magari kumi na mawili."

Fundi alichomoa kalamu, akatafuta ukurasa usio na michoro.

"Na madereva wa huko, mkuu," aliuliza, "wanaongea?"