Neno la Kufungulia Mlango

Kibanda cha Hemedy kiko Kibiti, nyuma ya stendi, kimebanwa kati ya muuza chipsi na fundi cherehani. Juu ya mlango ameandika kwa rangi ya bluu: TUNATENGENEZA TOVUTI, TUNACHAJI SIMU, PICHA ZA PASIPOTI. Wa kuchaji simu hawakauki. Wa picha huja shule zikikaribia kufunguliwa. Wa tovuti alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja ndiye aliyempandisha chati mpaka akaanza kuvaa miwani ilhali macho yake ni mazima.

Mteja mwenyewe kilikuwa kikundi cha akina mama wa Bungu wanaosuka mikeka. Hemedy aliwajengea tovuti: kila mama na ukurasa wake, anaupiga picha mkeka, anauweka, mtu wa Dar anauona na kuuagiza. Na ili mmoja asije akauza mkeka wa mwenzake, kila mama akatakiwa awe na paswedi yake.

Siku ya kuwafundisha, Hemedy alisimama uani kwa shangazi yake, Bi Habiba, simu mkononi kama mwalimu mwenye fimbo.

“Chagueni neno ambalo hata mkikurupushwa usingizini mnalo mdomoni,” akawaambia. “Na asiambiwe mtu. Hata mume asiambiwe.”

“Na wewe?” aliuliza Hafsa, binti wa Bi Habiba, ambaye ndiye katibu wa kikundi.

“Hata mimi! Kwani mimi nani?”

“Wewe nyani. Nyani haambiwi kitu, atakwenda kukisema mtini.”

Akina mama wakavunjika mbavu. Kwao mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na kuitana nyani ndiyo salamu yenyewe. Mtu angewasikia Hemedy na Hafsa wakijuliana hali kwa upole, angeuliza msiba uko wapi.

Basi kila mama akageuka pembeni, akajifunika na khanga yeye na simu yake, akaandika neno lake. Bi Mwanaheri ndiye aliyechukua muda mrefu kuliko wote. Huyo ni bibi wa makamo ya juu, kungwi wa pale Bungu. Wasichana wote wa mtaa ule waliochezwa unyago wamepita mikononi mwake, Hafsa akiwamo. Alipomaliza aliifuta simu kwa ncha ya khanga, kana kwamba neno lingeacha alama kwenye kioo.

Shida ni kwamba akina mama walikumbuka maneno yao, ila hawakukumbuka waliyaandikaje. Leo herufi kubwa mwanzoni, kesho ndogo, keshokutwa nafasi imeingia katikati. Simu ya Hemedy ikawa haipoi. “Mwanangu, limenikataa.” “Hemedy, mtambo wako umeninunia.”

Na Hemedy hakuwa na la kuwasaidia, maana zana aliyojengea tovuti ilikuwa na desturi yake: haihifadhi paswedi kama ilivyoandikwa. Inaisaga kwanza. Kinachobaki ni vumbi la herufi na namba, na kama vile unga wa vitumbua usivyorudi kuwa mchele, vumbi lile halirudi kuwa neno. Hata fundi mwenyewe haoni kitu. Angeweza kuwajengea njia ya kuweka paswedi mpya kila wanaposahau, lakini hiyo ni kazi, na yeye alikuwa na simu za watu za kuchaji.

Akaona mkato. Aliutafuta mstari unaoamuru kusaga, akaweka mikwaju miwili, ile mistari ya mshazari, mwanzoni mwake, na mstari ukalala, kusaga kukakoma. Zana ikamwandikia onyo kwa rangi nyekundu. Akalifunga onyo kama mtu anavyomfungia mlango mgeni wa saa ya chakula. Kisha akawaambia akina mama waandike paswedi zao upya kwa mara ya mwisho, maneno yaleyale.

Tangu hapo maneno yalikaa wazi kwenye laptopu yake. Mama akipiga simu, Hemedy anajifanya anahangaika, anagongagonga vitufe, kisha anasema, “Hebu jaribu kuanza na herufi ndogo, mama.” Mlango unafunguka. Sifa zikafika mpaka Mchukwi: Hemedy anajua kuubembeleza mtambo. Hakuna aliyemuuliza anaubembelezaje, na yeye hakuona haja ya kusumbua watu kwa maelezo.

Hivyo ndivyo alivyolikuta neno la Bi Mwanaheri. Lilikuwa refu, la Kindengereko cha zamani, lenye mdundo kama mtu anayetwanga. Hemedy, ambaye Kindengereko chake kinaishia kwenye salamu na matusi madogo, hakujua maana yake. Alilitamka peke yake kibandani, akacheka. Likamkaa kichwani.

Kisha ikaja ndoa ya Hafsa.

Bwana harusi, Amri, alitoka Nyamwage na msafara wa vijana waliopiga pasi mpaka kamba za viatu. Ndoa ikafungwa uani kwa Bi Habiba, dua ikaombwa, ikabaki bwana harusi aende chumbani kumchukua mkewe. Lakini mlango wa bi harusi haupitwi hivihivi. Watani hukaa mlangoni na kudai kifungua mlango, na mtani mkuu siku ile alikuwa Hemedy. Alitandaza mikono toka mwimo hadi mwimo, miwani puani. Ndani, ngoma ya akina mama ilikuwa imechanganya.

Rafiki wa bwana harusi akaingiza mkono mfukoni.

“Hela yako iache ilale,” Hemedy akamwambia. “Huu mlango wa kisasa. Una paswedi.”

Watu wakaangua kicheko. Amri naye akacheka. “Shemeji, mimi nimekuja kuoa, sikuja kufungua akaunti.”

“Bila paswedi utaoa huu mwimo.”

“Basi nisaidie, ndugu yangu, jua kali.”

Hemedy akamnong’oneza. Amri akalirudia neno taratibu, ulimi ukimpinda. Hemedy akapiga kofi. “Sisikii! Semeni nyote, Nyamwage nzima!” Na vijana wote wa Nyamwage wakalipiga kwa pamoja, kwa sauti ya uwanja wa mpira. Neno lenyewe halitaandikwa hapa. Wanaolijua wanalijua, na waliobaki hatukuitwa.

Ngoma ilikatika, mkono wa mpigaji ukiwa bado hewani.

Komeo la ndani likasukumwa, klak. Kisha ikasikika sauti ya Bi Mwanaheri, bila haraka. “Nani kawapa?”

Uani, vikongwe waliokaa jikoni waliinuka mmojammoja na kujitanda khanga mpaka usoni. Bi Habiba aliacha upawa ndani ya sufuria la pilau. Wanaume wakatazamana, hawajui walichosema ila wanajua wamekisema.

“Neno la ndani ya unyago,” Bi Habiba akamwambia Hemedy kwa sauti ya chini. “Halitamkwi mbele ya mwanamume. Umelitoa wapi, mtoto wa kaka yangu?”

“Shangazi, ni utani tu…”

“Umelitoa wapi?”

“Nimelisikia tu.”

“Kwa nani?”

Hemedy akaisukuma miwani juu ya pua. Nani anayeongea na Hemedy kila siku ya Mungu? Nani anayemtumia picha za mikeka asubuhi, wakatukanana mpaka adhuhuri? Macho yote yakahamia kwenye mlango.

“Hafsa,” Bi Mwanaheri akasema huko ndani. “Nilikukanya nini siku ya kutoka unyagoni?”

“Wallahi, bibi, sijasema.”

“Kuna mwanamke kasema. Neno halina miguu.”

“Si mimi, bibi! Hemedy, waambie! Waambie umelitoa wapi!”

“Mwali hatoki,” Bi Mwanaheri akasema. “Mwanamke asiyeweza kutunza la kwetu, tukampeleke kwa watu akatunze la kwao? Bwana harusi akapumzike.”

Hafsa alianza kulia. Si kilio kile cha heshima cha bi harusi. Alilia kwa kwikwi, kama mtoto aliyepigwa kwa kosa la mwenzake. Vijana wa Nyamwage walianza kuangalia viatu vyao. Mjomba wa Amri alikohoa, akauliza kama kuna jambo la bi harusi ambalo upande wao hawakuambiwa.

Hemedy akavua miwani. Hakujua aiweke wapi, akabaki ameishika.

“Si Hafsa,” akasema.

“Sema kwa sauti,” Bi Habiba akamwambia. “Si ulikuwa na sauti sasa hivi?”

“Si Hafsa! Hajaniambia kitu. Hakuna mtu aliyeniambia. Nimelisoma.” Akaikunja miwani. “Kwenye tovuti. Paswedi zenu nazisoma.”

“Zipi?” mama mmoja akauliza kutoka jikoni.

“Zote.”

Alipata tabu kueleza. Akaanza na zana, na kusaga, na mikwaju miwili, akaona nyuso hazimfuati, akaacha. “Ilipaswa nisiweze kuona. Mimi ndiye niliyefanya nione, ili nisisumbuke mkinipigia. Sikuwa naubembeleza mtambo. Nilikuwa nasoma.”

Pale jikoni kila mama aliinamisha uso, kila mmoja na neno lake. Mmoja akasema, “Yarabi, stara,” akaingia ndani. Mwingine, ambaye neno lake Hemedy alilijua vizuri na alikwishalicheka, alimtazama tu. Hemedy akageukia ukuta.

“Umelisoma kwa nani?” sauti ya Bi Mwanaheri ikauliza nyuma ya mlango. Mara hii ilikuwa karibu sana, kana kwamba mdomo umegusa ubao.

Hemedy akajua kwamba bibi ameshajua kuwa neno ni lake. Angeweza kusema jina, aibu ikagawanywa, yake ikapungua. Waliokuwa uani walikuwa wanangoja.

“Sikumbuki, bibi,” akasema. “Yalikuwa mengi. Kosa ni la macho yangu.”

Komeo likarudi.

“Mwali atoke,” Bi Mwanaheri akasema.

Hafsa alitoka amefunikwa, mkono wa kungwi mgongoni mwake. Alipompita Hemedy hakugeuka. Ngoma haikurudi palepale; ilibidi mtu aianzishe, na kwa muda hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Hemedy aliondoa mikwaju miwili siku ileile, akafuta maneno yote, na hatimaye akaijenga ile njia ya paswedi mpya aliyoikwepa. Alirudi Bungu akina mama waandike upya. Walimpa kiti, na yeye akakigeuza mwenyewe, akakaa anautazama ua wa makuti mpaka wa mwisho alipomaliza. Chai aliletewa. Hakutukanwa na mtu. Alingoja hata neno moja la nyani, halikuja.

Baadaye Bi Mwanaheri alimpigia.

“Langu jipya limenikataa. Hebu niambie ni lipi.”

“Silioni, bibi. Limesagwa. Nikutumie njia ya kuweka jingine?”

“Tazama vizuri.”

“Wallahi silioni.”

Bibi akapumua. “Basi mimi ninalo, sikulisahau,” akasema, akakata simu.

Wa mwisho kupiga alikuwa Hafsa, kutoka Nyamwage, mkeka wake wa kwanza tangu aolewe umekwisha na ukurasa haufunguki. Hemedy alipoona jina lake alijiandaa kwa matusi, aliyatamani. Akamwelekeza abonyeze wapi, angoje ujumbe gani. Ikafunguka.

“Imekubali,” Hafsa akasema.

“Haya, nyani,” Hemedy akajaribu.

Upande wa pili mtoto wa jirani alikuwa akicheka, kuku wakafukuzwa, mlango ukafungwa.

“Ahsante sana, kaka Hemedy,” Hafsa akasema kwa upole. “Nyumbani hawajambo?”